Neno Moja la Kuomba Maji

Mwaka 1967, nikiwa na miaka tisa, mwalimu alimwita baba yangu shuleni akamwambia, "Mzee, huyu mutoto hana akili. Mupeleke shamba." Shida zangu zilianzia hapo. Alikuwa ameniuliza kwa Kifaransa viko vitabu vingapi mezani. Niliviona, vilikuwa saba. Kwa Kiluba jibu nilikuwa nalo. Kwa Kifaransa mdomo ulikuwa mtupu. Baba alivua kofia, akashukuru, akanichukua. Sikurudi tena.

Nilimwamini yule mwalimu zaidi ya miaka hamsini. Nilijifunza kufyatua matofali, kisha kuyachoma, kisha kujenga. Nyumba nyingi za mtaa wetu hapa Kamina zimepita mikononi mwangu. Nionyeshe kiwanja, nitakizunguka mara moja kwa miguu na kukwambia yatakwenda matofali mangapi. Hayabaki hata ya kujaza toroli. Hesabu hiyo naifanya kichwani, kwa Kiluba, bila karatasi. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba hiyo nayo ni akili. Nilidhani akili ni Kifaransa.

Jirani yangu alikuwa karani, Mmethodisti. Watoto wake walisalimia kwa Kifaransa hata kabla meno hayajatimia, nami nikawaonea wivu. Wangu wanne walipoanza kusema niliweka sheria: ndani ya ua huu hakuna Kiluba. Sheria ilianzia kwenye mtungi. Mtoto akiomba "mema", yaani maji kwa Kiluba, hapewi. Anasimama pale mpaka aombe kwa Kifaransa.

Mke wangu alitoka kijijini, kwa wakulima Wakatoliki. Aliniuliza, "Kiu ya mutoto inajua Kifaransa?"

"Itajifunza."

"Basi weye njo uanze. Leo hakuna mayi mpaka unaomba mu Kifaransa."

Niliomba. Nilisema vibaya hata yeye akajua, akacheka mpaka akakaa chini, na watoto wakacheka naye. Lakini sheria aliishika. Watoto aliwasemesha Kiswahili chake cha kuungaunga. Kiluba kilibaki chetu wawili, kule kwenye tanuri ya matofali, tukilisha moto kuni. Kule alikuwa mwanamke mwingine. Alikuwa mwepesi, mtani, akikusimulia ugomvi wa watu wawili unawaona wote wawili. Watoto hawakumjua mwanamke huyo. Kwao mama alikuwa mtu wa kula, oga, lala. Siku moja mkubwa wao, alipokuja likizo kutoka shule ya bweni Lubumbashi, aliwaambia wadogo zake, "Mama yetu iko muzuri, lakini hafikirake sana." Nilisikia, nikaendelea kunawa mikono.

Mwaka juzi mke wangu alianguka akifagia ua. Upande wa kulia ulikufa. Sauti iliporudi, ilirudi na Kiluba peke yake. Kiswahili kilikuwa kimekwenda, na yale maneno machache ya Kifaransa pia. Daktari, kijana tu, aliniambia, "Papa, ugonjwa umegusa mahali pa maneno. Zile alizijifunza mu ukubwa zimepotea. Lakini akili yake iko."

"Iko yote?"

"Ninaona iko. Muangalie mu macho."

Ilibidi niwe mzee wa namna hii ndipo mtu aniambie kwamba akili ni kitu kimoja na lugha ni kitu kingine.

Binti yetu wa mwisho, mwalimu, alikuja kutoka Lubumbashi kumuuguza. Mama yake alisema, naye, bila kuelewa, akaitika, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama." Mgonjwa akanigeukia na kuniambia kwa Kiluba, "Huyu anaitika kama mutu wa ofisi." Nilitafsiri, tukacheka wote watatu. Nilitafsiri kila kitu, isipokuwa yaliyonihusu mimi, hayo niliyafupisha. Mke wangu aliona. Akasema ana neno la kumwambia binti yake kabla hajafa, na halitapita katika mdomo wangu. Wala si katika mdomo wa jirani. Alimtaka mdogo wake, aliyeko Bukama, awe mkalimani. Tulijaribu simu, aliisukuma kwa mkono mzima. Anataka mtu aketi pale.

Nikapanda treni. Bukama nilimpata shemeji akianika samaki. Akafunga mzigo wake siku hiyo hiyo. Tukirudi, treni ilikufa njiani, kwenye kituo kidogo. Tulikaa pale siku mbili, yeye juu ya mzigo, mimi nikitembea kandokando ya reli. Simu yangu ilizimika siku ya kwanza.

Tulipofika, ua ulikuwa umejaa watu wamekaa chini. Alikuwa amefariki asubuhi ya jana yake.

Nilimuuliza binti yangu, "Alisema nini?"

"Alisema mingi, papa. Alinishika mukono, akasema polepole, kama vile miye nafundishaka watoto wa mwaka wa kwanza. Anasema, anangoja, anasema tena."

Shemeji akamwambia, "Rudilia hata kidogo, mwanangu. Hata sauti yake tu."

"Siwezi, mama mudogo. Maneno yenye hauelewi haikalake mu kichwa." Kisha akanitazama mimi. "Neno moya tu njo nilijua. Nikamuuliza, 'Mema?' Akaniangalia sana. Akacheka kidogo. Nikamupa mayi, akakunywa. Hakusema tena."

Shemeji alijifunika kitambaa usoni. Mpaka leo hakuna anayejua lilikuwa neno gani, kama lilikuwa la ndoa, la mtoto, la kusamehe au la kukataa kunisamehe.

Binti yangu hupiga simu kila Jumapili na kuniomba maneno ya Kiluba. Ninampa matano, anayaandika. Anayatamka kama mgeni. Simrekebishi sana.

Nina miaka sitini na saba. Nilivyo navyo ni hivi: nyumba ya matofali ya vyumba sita, na bati juu. Tanuri mbili. Baiskeli moja. Toroli mbili, moja mbovu. Shamba la mihogo upande wa reli. Diploma nne za watoto, ukutani. Mtungi wa maji, umepasuka ukingo.