Habari ya Mama Ilivyofika Le Havre

Kwetu mtu haambiwi kwa simu kwamba amefiwa. Anafuatwa. Hata huku Texas, ambako watu huachana kwa ujumbe wa simu na kufukuzwa kazi kwa barua pepe, jambo hilo hatujaliacha. Mwaka juzi tulitoka Houston watu saba, magari mawili, tukapanda na barabara ya 45 mpaka Dallas kwenda kumwambia bwana mmoja wa Vickery Meadow kwamba baba yake amefariki Morogoro. Nilihesabu watu tulipoondoka Alief, mtaa wetu, nikawahesabu tena kwenye kituo cha mafuta. Ndivyo nilivyo. Kazi yangu ni kuhesabu vidonge katika duka la dawa, kila chupa mara mbili, na kazi ikishamwingia mtu mwilini haitoki. Yule bwana alikuwa wa mwisho kujua kati ya watu wote wa jengo lake, na baadaye alitushukuru kwa hilo.

Naeleza haya ili ieleweke kwa nini mama yetu alipofariki Dar es Salaam, dada yangu aliyeko Le Havre, Ufaransa, hakuambiwa.

Dada amenizidi miaka tisa. Mgongo nilioujua kwanza ni wake, si wa mama, maana mama alikuwa sokoni. Anaishi peke yake. Figo zake zimechoka, na mara tatu kwa wiki anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kwa hiyo safari ya kwenda mbali hana tena. Juma lile mama alipofariki, dada alikuwa kalazwa, katoka kupasuliwa. Wazee wakakaa kikao, mimi nikiwa kwenye simu, nimeegesha gari nje ya duka la nyama.

“Asiambiwe,” akasema baba mdogo. “Ataambiwa na mtu wa damu yake, uso kwa uso. Wewe si unakwenda huko?”

Nilikuwa nakwenda. Miezi mingi kabla ya msiba, mimi na mke wangu tulishalipia safari ya meli, ya kuanzia Southampton na kurudi Southampton, ikipita miji ya kale ya bandari: Lisbon, Porto, La Coruña, Guernsey, Le Havre. Tuliichagua kwa ajili ya Le Havre, tukale kwa dada siku moja. Zilikuwa zimebaki wiki saba tufike huko. Viza ya Uingereza nilikuwa nayo, na ile ya Ufaransa na jirani zake ilikuwa tayari, ila tarehe zake zilikuwa hazijaanza. Ningeweza kwenda kuwalilia ubalozini wanibadilishie nikapanda ndege juma lile lile. Sikwenda. Meli ilikuwa imeshalipiwa na haikuwa na kurudishiwa, na hiyo ndiyo sababu, nyingine sina.

Basi kwa wiki saba dada aliambiwa kwamba mama kapelekwa Tanga kwa mjomba, shamba, mahali mtandao hausomi. Uongo huo niliutunga mimi. Ulikuwa mzuri, hauna mshono.

“Mwambieni mjomba ampandishe mama kwenye kichuguu,” dada aliniambia siku moja, akicheka. “Nimsikie sauti tu.”

“Nitamwambia,” nikasema.

Sasa hiyo viza. Fomu yake ina swali: unaomba kuingia mara ngapi? Mara moja, mara mbili, au mara nyingi. Niliijaza mezani kwetu, mke wangu akiwa pembeni anatafuna karanga, maana yeye hakuwa na fomu ya kujaza. Yeye ni Mkenya, na Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo aliapa zamani na ana pasipoti ya Marekani. Tanzania hairuhusu, nami nina kiwanja Kigamboni na moyo mzito, hivyo nimebaki na pasipoti yangu ya Tanzania na kadi ya ukaazi.

“Kwani hakuna ya mara nyingi?” akauliza.

“Ipo.”

“Si uweke hiyo?”

Nikamweleza kwa upole wa mtu anayejua. Mimi nimekulia Kariakoo. Ofisi haiombwi kingi. Ukimwomba ofisa kingi anaanza kukukagua mpaka soli za viatu. Ulaya tunaingia mara moja, tunatoka mara moja, tunarudi zetu Houston. Nikaweka alama kwenye moja. Nilihesabu bandari, zikawa tano. Nikahesabu tena, tano. Sikuuliza Guernsey ni ya nani.

Chumba nilichokipata melini kilikuwa cha bei ya chini kabisa kati ya vile vyenye dirisha, kwa sababu dirisha lenyewe lilizibwa na boti ya uokoaji. Mke wangu aliitazama ile boti muda mrefu. “Angalau tutakuwa wa kwanza,” akasema. Nilizunguka sitaha nikazihesabu boti zote na kuzidisha kwa idadi ya viti, kwenda na kurudi, nikamhakikishia kwamba tunatosha.

Lisbon walituonyesha sanamu za mabaharia wao wa zamani, wametumbulia macho bahari, na mtembezaji akatwambia kwa fahari kwamba watu hao walifika mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Nikamnong’oneza mke wangu kwamba wenzetu hawa walifika kwetu bila viza. Akacheka. Ndicho kicheko chetu cha mwisho katika safari ile ninachokikumbuka. Porto nilipatana bei ya kitambaa cha kichwa cha kumpelekea dada, cheusi, kisha nikakirudisha, nikachukua cha bluu, nikakirudisha na hicho. Sikujua mtu ambaye hajui kwamba ana msiba anapelekewa rangi gani. La Coruña kuna mnara wa taa uliojengwa na Warumi, bado unafanya kazi. Nilipanda nikihesabu ngazi na kushuka nikihesabu. Hesabu mbili hazikulingana, nami sikurudi kuhakiki, jambo lililomtia mke wangu wasiwasi kuliko lolote.

“Unaijua namna ya kumwambia?” akaniuliza pale chini.

“Bado.”

Tulipoondoka La Coruña tukakuta barua imepenyezwa chini ya mlango. Ilianza kwa kuniita mgeni mpendwa. Ilisema kwamba Guernsey ni kisiwa cha mfalme wa Uingereza, hakimo katika nchi za viza ile. Kwamba meli ikiondoka Hispania kwenda huko, mimi nimeshatoka. Na kwamba ruhusa yangu ilikuwa ya kuingia mara moja. Le Havre nitabaki melini. Walinitakia mapumziko mema.

Nikashuka mapokezi. Alikuwepo msichana mmoja mpole, kavaa sare nyeupe.

“Naomba Guernsey mimi nisishuke,” nikamwambia. “Nitabaki chumbani. Ihesabike kwamba sikufika.”

“Bwana, meli itakuwa imefika.”

“Meli ndiyo. Mimi sitakuwa nimefika.”

“Na wewe utakuwa ndani ya meli.”

Nikaomba kuonana na mkubwa wake. Mkubwa wake akasema yale yale kwa sauti nene zaidi.

Mke wangu alikuwa amekaa kitandani na ile barua mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kwa karipio, nalo nilistahili, lakini yeye ni muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi na halipotezi karipio kwa mtu aliyekwisha kuanguka.

“Basi nitashuka mimi,” akasema. “Nitamwambia mimi.”

“Wazee wamesema mtu wa damu.”

“Miaka kumi na mbili nimekupikia, nimekuzalia, bado si wa damu?”

Niliinama. Sababu yangu nyingine sikuitamka, naye aliijua. Siku nilipompigia dada kumwambia naoa, alisema, “Mkenya? Kwani Watanzania wamekwisha huko?” Mke wangu alikuwa karibu, akasikia. Tangu siku hiyo wale wawili walikuwa wakisalimiana kupitia kwangu. Msalimie. Amekusalimia. Zaidi ya hapo, hakuna.

“Mpigie simu basi,” akasema.

“Hapana.”

“Mimi pia nasema hapana. Nilitaka tu kusikia kama bado una akili.”

Le Havre tulifunga gati asubuhi, na dada akatuma ujumbe kwamba amekuja kutupokea, anasubiri nje. Mji wenyewe uliteketezwa vitani ukajengwa upya kwa zege, na kutoka sitahani ulionekana kijivu, safi, umenyooka. Walikuja askari wawili wa mpaka wakaketi ukumbini na orodha yao. Nikamfuata yule mzee zaidi. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, cha kufanyia kazi.

Nikamwomba saa moja nchi kavu. Akasema haiwezekani. Nikashuka mpaka nusu saa. Haiwezekani. Robo saa, na pasipoti nimwachie. Nimezoea mimi nishuke, mwenye duka apande, tukutane katikati. Huyu hakusogea, hakuwa na kitu cha kuuza. Nilipoishiwa namba nikasema jambo ambalo nilipaswa kuanza nalo.

“Mama yetu amefariki. Dada yangu yuko nje pale, anaumwa, hajui. Nimekuja kumwambia.”

Alinitazama. Akazungumza na mwenzake kwa Kifaransa, maneno machache.

“Dakika kumi,” akasema. “Kwenye uzio. Mimi nitasimama na wewe.”

Mke wangu alishatoka kupitia lango la abiria. Mimi nikaongozwa kwenye uzio wa chuma, ule wa kufika kifuani, upande wa pili yanapoegeshwa mabasi. Dada alikuwa amesimama pale na hotipoti mikononi, kajifunga kitenge juu ya koti. Alikuwa amekwisha, mwembamba, mkono mmoja umevimba palipopita sindano za miaka. Miaka kumi na sita sikuwa nimemwona.

“Mdogo wangu! Umenenepa! Texas wanakulisha nini?” Akageuka kwa mke wangu aliyekuwa amefika ubavuni pake. “Na wewe ndiye Mkenya wetu. Karibu, wifi.” Akanirudia. “Mbona hupiti? Lango si lile pale?”

“Viza, dada. Imeisha Guernsey.”

“Wewe? Mjanja wa Kariakoo?” Akacheka mpaka akakohoa. “Haya, chukua pilau basi, utalia hapo hapo.”

Akainua hotipoti juu ya uzio. Askari akaweka kiganja katikati, akatikisa kichwa.

“Sheria inakataza wali?” dada akamuuliza kwa Kifaransa, kisha akanitafsiria ili nicheke naye.

Sikucheka. Mke wangu akampokea ile hotipoti taratibu, akaiweka chini. Nikashika chuma cha uzio.

“Dada. Mama hayuko Tanga. Hakwenda Tanga. Amefariki.”

Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi imalizike.

“Lini?”

“Ulipokuwa hospitali.”

Midomo yake ikasogea. Anahesabu, nikajua, maana kuhesabu nimejifunza kwake.

“Wiki saba,” akasema.

“Saba.”

“Kwa hiyo nilipokwambia mjomba ampandishe kichuguu…”

“Alikuwa ameshazikwa.”

“Na wewe ukasema utamwambia.”

“Nilisema.”

Akaanguka. Mke wangu alimdaka kabla hajafika chini, akakaa naye pale pale kwenye zege, kichwa cha dada kifuani pake. Dada akamsukuma kwanza, kwa nguvu, kisha akamkamata koti kwa mikono miwili, na hapo ndipo sauti ikatoka. Mimi nilinyoosha mkono juu ya uzio. Haukufika. Askari alikuwa ametazama baharini, na saa yake hakuiangalia. Najua zilipita zaidi ya dakika kumi, ila kwa mara ya kwanza maishani sina idadi.

Hatimaye askari akanigusa bega.

“Rudi juu uniletee begi langu,” mke wangu akasema kutoka chini. “Dawa zangu za presha ziko kwa mfuko wa pembeni. Na leso zote mbili.”

“Meli inaondoka saa kumi na moja.”

“Najua. Iende. Nitapiga simu kazini wani-swap zamu, nitarudi na ndege.”

“Wifi, nenda tu,” dada akasema, uso haujainuka. “Usiharibu safari yako kwa ajili yangu.”

“Nyamaza, wifi. Leo hulali peke yako.”

Nikapanda. Nilifungasha vitu vyake, na zile khanga mbili ambazo yeye huziita leso, nikavifungua, nikavifungasha tena, si kwa kuhesabu, mikono tu ilikuwa haikubali kumaliza. Nikaliteremsha begi. Yule askari aliyekataa pilau alilipekua haraka, akalinyanyua mwenyewe akalipitisha juu ya uzio. Mke wangu akashika begi mkono mmoja na dada mkono mwingine, hotipoti ikaning’inia kwenye vidole. Dada hakuniaga. Alipofika kwenye basi aligeuka, akanitazama, akapanda.

Jioni sikwenda kula, nilikaa chumbani, mlango nimeufunga. Tulipokuwa bado karibu na pwani nikampigia mke wangu.

“Amekubali mashine kesho?” nikauliza.

“Amekubali. Nitaenda naye. Majirani wamekuja watatu, Wakomoro, wanakaa naye.”

“Mpe simu.”

“Hataki kuongea na wewe. Nisikudanganye.”

“Sawa.”

“Lakini ameuliza kama umekula.”

“Mwambie nimekula,” nikasema. Nikasikia anaanza kulipeleka neno hilo, nikamwita kwa haraka. “Ngoja. Usimwambie hivyo. Mwambie sijala.”