Samaki Yenye Madamu "Alipika"

Bandugu ya sité, majirani yangu, leo nilikubali maneno ya madamu yangu, na kazi ikaisha palepale!

Miye ni mupishi kwa bazungu. Asubui nzima nilitosha miba mu samaki ya kutoka Kasenga, moya moya, mupaka vidole vikatoka damu.

Saa sita bageni ya madamu bakakula, bakasifu samaki.

Madamu akabajibu: "Nilipika miye mwenyewe."

Yeye! Hata kwenye chumvi inakaa hajue!

Mugeni moya, muke wa dokta, akamuuliza: "Na miba yote, uliitosha namna gani?"



Madamu akanitazama, macho inaomba nimusaidie.

Miye pale na sahani mu mukono, nikasema pole pole: "Madamu atabaelezea. Ni yeye njo alipika."

Madamu akakunywa maji. Akakunywa tena.

Bageni bakiisha kwenda, madamu akapiga kelele: "Ulinipatisha haya! Omba musamaha, omba pardo, ao toka!"

Pardo ya nini? Nilirudilia maneno yake tu. Semeni, bandugu, nilikosa fasi gani?

Nikafungula tabliye yangu ya kupikia mu kiuno, nikamupa mu mukono.

Muke wa dokta anarudia kesho, madamu alimwalika kula samaki ya namna ileile.

Ya kesho iko mu beseni, na miba yake yote.