Samansi ya Mama Mkwe

Kufikia mwaka wa 1957, Kaleli alikuwa amechoshwa na sheria kuliko hata watu walioshtakiwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepeleka samansi za mahakama ya Waafrika pale Thika kwa baiskeli ya serikali, kutoka mashamba ya kahawa ya Ruiru mpaka kwenye vumbi la Gatuanyaga, na siku hizi magoti yake yalilia kuliko mnyororo wa baiskeli yenyewe. Ilibaki miezi mitano tu. Karani alikuwa amemwahidi kwamba akimaliza mwezi wa Desemba, baiskeli ile itakuwa yake. Ahadi hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi.

Karani huyo, Gathogo, aliipanga sheria kabatini, kila aina na rafu yake. Kaleli hakuhitaji kabati. Yeye aliijua kesi kwa namna alivyopokewa. Kesi ya jinai ilimkimbia: yeye akibisha mbele, mtu anatokea jikoni, na huko Ruiru miaka ile ya hali ya hatari walikimbia hata wasio na kesi, maana karatasi yoyote ingeweza kumpeleka mtu kizuizini. Kesi ya deni ilikuwa uongo mtupu. Mwenye nyumba, uji ukiwa bado mdomoni, anakuambia mwenye nyumba amesafiri. Ardhi ilipokewa kwa mikono miwili. Kila mwenye kesi ya ardhi huamini atashinda, na tangu mipaka ianze kupimwa upya, mfuko wa Kaleli haukukosa tatu au nne kwa siku. Za ndoa hakuzipenda kabisa. Mke alimpikia chai, akamsimulia tangu posa, mume akisikiliza nyuma ya ua, na Kaleli, ambaye hakutumwa kuamua lolote, alirudi Thika tumbo limejaa chai na kichwa kimejaa mambo ya watu.

Lakini iliyomchosha roho ilikuwa kesi ya urithi. Hiyo haikukimbiwa wala kusimuliwa. Mtu aliipokea kimya, akaikunja, akauliza kama ndugu aliyemshtaki bado ni mzima.

Mwezi wa Julai Gathogo akamkabidhi moja. Kaleli akasoma jina, akairudisha mezani.

"Hii siwezi, karani. Huyu ni mama wa bibi yangu."

"Kwani sheria imesema mama mkwe hapelekewi samansi?" Gathogo hakuinua kichwa. "Tarishi mwenzako amelazwa hospitalini, uko peke yako. Mpe mkono kwa mkono, aweke kidole. Na umwambie asipofika Jumanne, kesi itaamuliwa bila yeye."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Mukonyo wa Gatuanyaga alikuwa amefariki, akaacha mjane, Syokau, na ng'ombe saba. Sasa ndugu yake marehemu, Mbaluka, aliwataka wote saba. Ng'ombe hao ndio waliomlisha Syokau. Wakienda, naye angelazimika kuwafuata kwa Mbaluka, akaombe maziwa kwa kikombe jikoni mwa mwanamke mwingine.

Na Kaleli, baada ya miaka ishirini na miwili ya ndoa, hakuwahi kuuona uso wa Syokau. Ndiyo heshima ya Mkamba kwa mama mkwe. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Jina lake hulitamki, na sahani yake huishiki. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa, na mchungaji aliwahi kuhubiri kwamba hayo ni mambo ya zamani, lakini mchungaji mwenyewe akimwona mama mkwe wake sokoni alipitia nyuma ya vibanda vya ndizi. Kaleli alimjua Syokau kwa kikohozi, na kwa miguu, kwa kuwa siku zote aliyainamisha macho. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

Akaenda na mkewe Syombua. Alisimama uani akiielekea ghala, akauleta mkono nyuma ya mgongo na karatasi ndani yake. Syombua akaeleza yote, Jumanne na Mbaluka. Kaleli akasikia kikohozi kikikaribia, kisha karatasi ikamtoka vidoleni. Kikopo cha wino alikiweka chini, akahesabu pumzi zake hadi nakala iliporudi mkononi ikiwa na alama ya kidole gumba. Aliona haya mpaka akatokwa jasho. Mtu wa miaka hamsini na mitatu, anafanya kazi ya serikali kinyumenyume.

Alimwomba Gathogo amruhusu asikae mahakamani Jumanne. Gathogo akakataa: aliyepeleka samansi lazima awepo mpaka kesi iishe, huenda mtu akakana kwamba aliipokea. Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na benchi la Kaleli lilikuwa kando ya mlango huo.

Jina la Syokau likaitwa mara tatu. Hakuingia mtu. Mbaluka alikuwa amesimama na koti lake la Jumapili, ametulia.

"Samansi alipata?" mzee hakimu akauliza.

Kaleli akaapa kwamba alipata. Angesema nini? Hakimu akachukua kalamu. Hapo Kaleli, macho yakiwa chini kama kawaida yake, akaona miguu kwenye uwazi chini ya mlango. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.

"Mzee, yuko nje," akasema. "Ameniona. Ni mama wa bibi yangu, hataingia nikiwa humu."

"Hapa hakuna mkwe. Kuna mdai na mdaiwa."

Gathogo akatumwa nje. Akarudi peke yake. "Amekataa."

"Basi," hakimu akasema, akachovya kalamu.

Kaleli akasimama. Gathogo akamnong'oneza kwamba akitoka kabla kesi haijaisha, ahesabu ameacha kazi. Kaleli alimsikia vizuri sana. Akaivua kofia ya serikali, akaiweka kwenye benchi. Mlangoni hakuweza kupita kwa sababu mama alikuwa pale, kwa hiyo akaenda dirishani, akapandisha goti moja, likalia, akapandisha la pili. Watu wakacheka. Alianguka kwenye majani upande wa pili, akabaki ameketi hapo hapo chini ya dirisha.

Fimbo ikagonga sakafu ndani. Kikohozi. Kisha sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikisema zaidi ya maneno mawili.

"Niko. Hao saba wote ni uzao wa ng'ombe wawili walioletwa kwa mahari ya binti yangu. Mume wangu alinipa mbele ya watu wa kanisa, na Mbaluka alikuwepo, akanywa chai. Aliyewaleta ni mkwe wangu. Huyo ndiye ametoka sasa hivi kwa dirisha, na mmemcheka."

Hakuna aliyecheka tena. Kaleli alikaa pale akisikiliza mashahidi wakiulizwa mmoja mmoja, mpaka hakimu akasema ng'ombe watabaki kwa mjane. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepeleka karatasi tu, hakuwahi kubaki kusikia mtu akijibu. Alifuta macho kwa kiganja, akangoja fimbo ile ipotelee barabarani.

Alipozunguka mbele, Gathogo alikuwa amesimama karibu na baiskeli, kofia mkononi, hamwangalii usoni.

"Ile ahadi ya Desemba, Kaleli... hakimu ameandika kwamba umeacha kazi. Baiskeli itabidi uiache."

Kwenye usukani palikuwa pamening'inizwa kibuyu cha maziwa, kimefungwa kwa kitambaa cheupe cha kanisani. Kaleli akakifungua polepole, akakitia kwapani, akaanza kutembea kwenda nyumbani.