Kaseti Niliyoisafisha

Hakuna jambo ambalo lingenishangaza mimi. Nilikuwa nikisema hivyo kila siku pale dukani, na haki ya kusema nilikuwa nayo. Shule niliacha darasa la nne. Nikauza mahamri kwenye stesheni ya Voi, nikawa taniboi wa lori, nikajifunza kutengeneza redio kwa kuzifungua za watu na kuzifunga tena kabla mwenyewe hajarudi. Kufika umri wa miaka thelathini na tatu nilikuwa na duka lililojengwa kwa mawe karibu na stendi ya mabasi. Ndani yake mlikuwa na redio kaseti mbili, gramafoni moja, na waya niliouunga kwa mkono wangu wa kupitisha sauti kutoka mashine hii hadi ile. Mhindi aliyeniuzia zile mashine kule Mombasa aliniuliza nani alinifundisha kazi. Nikamwambia, "Njaa."

Watu walidhani natajirika kwa nyimbo. Nyimbo zilikuwepo, ndiyo, nilizitoa kwenye sahani za santuri nikazitia kwenye kaseti, mteja akaenda zake na densi yake mfukoni. Lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa barua za sauti. Mtu ana mume Nairobi, au kaka Mombasa bandarini, kuandika hajui, na kumwandikisha jirani ni kumpa jirani habari zako zote. Basi anakuja kwangu, anakaa kwenye kibao nyuma ya pazia, anasema yake kwenye kaseti, inatumwa kwa basi. Jibu likija anakuja kusikilizia hapo hapo. Mimi nilisikia talaka, nikasikia mashamba yakigawanywa, nikasikia mtu akiimbiwa wimbo mzima na mke ambaye nilijua fika anamdanganya. Nilikuwa nakaa tu nakunywa chai.

Kaseti zangu zilikuwa safi. Hilo lazima niliseme kwa sababu ndilo lililoniponza. Mtu akikohoa, nilikuwa nanakili upya na kukata kikohozi. Jogoo akiwika, nakata jogoo. Toka Miasenyi hadi Mwatate hukupata mtu mwingine wa kukutolea kaseti isiyo na mkwaruzo. Wengine walijaribu. Walishindwa.

Siku moja akaja mama mmoja wa Mahoo, mfanyabiashara wa ndizi, ambaye hupita njia za mashambani hadi upande wa Tanzania. Wakati huo mpaka ulikuwa umefungwa, na anayevuka alivuka kwa miguu yake na kwa kujuana. Alinipa kaseti iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba.

"Ya yule mzee wa mlimani," akasema. "Binti yake yule aliyetoroka na Mchaga. Mwite mzee aisikie. Na ufanye haraka, wewe, usiniweke kwenye foleni ya wacheza densi wako."

Mzee yule nilimjua. Binti yake alikuwa ameondoka bila kuaga na bila mbuzi hata mmoja kufika nyumbani, akaolewa Holili, ng'ambo ya mpaka, na mzee akaapa kwamba jina la binti huyo lisitajwe nyumbani kwake. Mwaka wa nne huo. Alikuja baada ya siku mbili, koti jeusi, viatu mkononi ili visichakae njiani. Nikamweka nyuma ya pazia nikaiwasha.

Sauti ya binti ilikuwa ya chini. Alisema amepoteza mimba mbili. Sasa ana ya tatu, miezi sita, na usiku halali anaisikiliza. Hospitali wamempima, hawakuona kitu. Yeye anajua ni nini. "Baba, hasira yako iko tumboni mwangu. Itoe. Siwezi kuja, njia imefungwa, na tumbo haliruhusu kupita porini. Tasa, baba, nisikie, nizae."

Kwetu Taita, mzee aliyekasirika hasamehe kwa mdomo mtupu. Hupiga funda la pombe ya miwa, au maji kama ni mtu wa kanisa, akalipuliza nje kama mvua ndogo, na katikati ya kupuliza akasema maneno ya kutoa hasira. Ndiko kutasa. Mimi Mdawida, hilo nililijua tangu utotoni, ingawa mama yangu alikuwa mtu wa misheni na hakupenda tuangalie.

Mzee alisikiliza mpaka kaseti ikaisha. Kisha akaniuliza, "Hiyo mashine inaweza kupanda mlima?"

"Inapanda. Ina betri."

"Basi njoo nyumbani. Siwezi kutasa dukani kwa mtu, mbele ya picha za wanamuziki."

Nilipanda asubuhi ya Jumamosi. Tulikaa uani, mzee kwenye kigoda, kibuyu kando yake, mimi na mashine yangu mbele. Akapiga funda la kwanza, akapuliza. Mashine ilirushiwa matone usoni. Nikatoa kitambaa mbio nikaifuta, nikaivuta nyuma hatua mbili. Mzee alinitazama. Aliendelea: "Kama nilikasirika, sasa natema. Moyo wangu uwe baridi. Mwanangu awe baridi. Tumbo lake lishike, lizae." Akapuliza tena. Mara saba kwa jumla, nilihesabu, kwa sababu kila akipuliza sindano ya kupimia sauti ilikuwa inaruka hadi kwenye alama nyekundu na mimi nilikuwa naumia.

Nikarudi Voi. Jioni ile ile nikaunga mashine mbili, nikanakili. Kila mahali pa kupuliza nilibonyeza kitufe nikasimamisha, nikasubiri, nikaachia kwenye maneno. Kazi ya karibu saa mbili. Mwisho wake mzee alisikika kama mtu anayesoma habari redioni. Nilijipongeza, sitaficha. Ile kaseti ya kwanza niliifuta nikaitilia nyimbo za mteja mmoja wa Taveta, maana kaseti zilikuwa ghali na sikuona ya kazi gani tena. Nakala safi nikampa mama wa ndizi.

Alirudi baada ya wiki tatu. Duka lilikuwa limejaa, na huyo mama hakuwa mtu wa kunong'ona.

"We fundi! Umempelekea yule msichana nini?"

"Maneno ya baba yake."

"Amelia siku mbili. Anasema baba ameongea lakini hakutasa. Amesema vizuri, halafu funda amelimeza. Sasa anaamini mzee amemdanganya makusudi. Hali chakula."

"Labda betri zao huko ni mbovu," nikasema. "Betri zikiisha sauti nyingine hupotea."

"Betri zinachagua? Zinaacha maneno zinakula mate?"

Dukani walicheka wote. Kinyozi wa jirani aliingia na wembe mkononi kuuliza kuna nini. Mimi niliendelea kupanga kaseti kwenye rafu, lakini nilikuwa nazipanga vibaya.

Ningeweza kunyamaza. Mzee angebaki mlimani akijua ametoa hasira, binti angebaki Holili akijua haikutoka, na hakuna ambaye angeweza kuvuka kuwasuluhisha. Lakini huyo binti alikuwa amebakiza wiki chache, na kila mtu sokoni alikuwa ameshajua kaseti imetoka duka gani. Jumapili nilipanda mlima. Nilimkuta mzee akichonga mpini wa jembe, nikamweleza yote, hata habari ya nyimbo.

Hakupiga kelele. Aliweka kisu chini.

"Ulitoa mate ukaacha maneno."

"Ndiyo, mzee. Nilidhani maneno ndiyo barua."

"Maneno anayo. Kabla hajatoroka nilimpa maneno mengi sana. Nilimlaani kwa mdomo huu huu na kwa lugha hii hii. Sasa atajuaje kama haya ni mengine?" Akainua tena mpini akaukagua. "Wewe hukuwahi kutasiwa?"

"Mama alikuwa wa misheni."

"Naona."

Alinipa masharti. Hasira iliyokwisha kutolewa haitolewi tena bure, na aliyeingia katikati akaiharibu ni mimi. Nilete kondoo dume wa rangi moja. Nilete miwa ya pombe. Na kaseti nisimpe mama wa ndizi, niipeleke mwenyewe, binti aisikie mbele yangu. Nikajaribu kusema habari ya biashara, na kwamba mpaka umefungwa. Mzee akasema, "Ulipokuwa unakata mate yangu hukuwa na haraka."

Nikavileta vyote, na safari hii mashine haikukaa mbele yangu. Aliitaka iwekwe juu ya kigoda kingine, mkabala naye, karibu goti kwa goti, kama mtu aliyeitwa kikao. Akapuliza moja kwa moja kwenye spika. Pombe ilichuruzika juu ya vitufe. Kitambaa changu nilikikalia.

Nilikwenda Taveta kwa gari moshi, nikalala kwa mama wa ndizi Mahoo, na alfajiri akanivusha yeye mwenyewe katikati ya migomba akinisimanga njia nzima. "Fundi mkubwa, inua miguu. Au na huu mfereji utaukata?" Mashine niliibeba mgongoni ndani ya gunia, ndizi juu yake.

Binti alikuwa mwembamba, tumbo peke yake ndilo lililokuwa na afya. Hakunisalimia vizuri. Nikaweka mashine juu ya meza ndogo, akasogeza kiti mpaka mbele yake kabisa. Nikaiwasha.

Kupuliza kwa kwanza kuliposikika, alifumba macho, na akajipangusa uso kwa ncha ya kanga. Uso ulikuwa mkavu, niliuona. Kwa pili akajipangusa tena. Mara zote saba. Mumewe alikuwa mlangoni, na mama wa ndizi alikuwa amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Kaseti ilipoisha nikaitoa nikampa. "Ni ya asili, sikuinakili. Hata jogoo yumo."

Hakuipokea. Alikuwa ameinamisha pua kwenye kitambaa cha spika. Ilikuwa bado inanuka pombe ya miwa, chachu, pamoja na ile harufu ya gunia.

"Ni hii aliyoipulizia?"

"Ndiyo, lakini mashine ni…"

"Itakaa hapa," akasema. "Wewe chukua kaseti ukipenda."

Nilimtazama mumewe. Mumewe akatazama nje. Nikamweleza binti kwamba sauti iko ndani ya kaseti, kwamba mashine yoyote itaitoa, kwamba mimi nakula kwa hiyo mashine. Alinisikiliza kwa adabu yote huku mkono wake uko juu ya vitufe. Mama wa ndizi akasema, "Fundi, twende. Jua linapanda." Nikaiacha kaseti juu ya mashine, nikatoka.

Mama huyo aliniletea habari mwezi uliofuata, pamoja na ndizi za bure, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mtoto wa kike, mzima, analia sana. Kaseti wanayo, wameifunga kwenye kanga. Mashine iko kichwani mwa kitanda na hakuna anayeruhusiwa kuifuta.

Kuunganisha mashine moja na nyingine huwezi ukiwa na moja, kwa hiyo kunakili kulisimama hadi mwaka uliofuata nilipopata nyingine. Mapato niliyoyakosa miezi hiyo siyahesabu. Kondoo, miwa, nauli, betri, kaseti na mashine yenyewe kwa bei niliyoinunulia, jumla ilikuwa shilingi elfu moja mia sita sabini na nne na senti hamsini.