Mabele ya Ukingo wa Mto

Watu wakimuona binti yangu wanadhani nilikunywa maji machafu. Hapana! Wakati wa vita, askari walipokamata machimbo ya dhahabu sehemu ya juu ya mto wetu, upande wa Mabalako, maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa. Sisi wote tukaanza kuchota kwenye chemchemi. Tulijiona wajanja kabisa.

Mais lakini mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mwenye mimba anatafuna mabele, ule udongo laini. Masereka, nilikozaliwa, tunauchimba mlimani. Huku kwa mume wangu wanautoa ukingoni mwa mto. Mama mkwe alinichimbia mwenyewe. Aliufinyanga vipande vya urefu wa kidole, akavikausha juu ya moto, na kila kimoja akakibonyeza kwa dole gumba ili wanunuzi wa sokoni Beni wajue ni kazi yake. "Kula, mwanangu, tumbo itulie," aliniambia. Nilikula asubuhi, nikala jioni, na nilikuwa naomba vingine.

Binti alizaliwa mzuri. Miezi ikapita, shingo haikukaza. Ukigonga sufuria karibu yake, hageuki. Majirani wakaanza: mama mkwe kamroga mjukuu wake. Aka! Mama aliyempakata mtoto huyo kuliko mimi! Niliwatukana siku ile mpaka sauti ikanikauka, na sijaomba msamaha.

Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyeniuliza nilikuwa nakula nini. Nilimwambia ni mabele ya mtoni. Kisha akanieleza kwamba wachimbaji wananasa vumbi la dhahabu kwa zebaki, ile sumu wanayoita mercure, halafu matope wanayarudisha mtoni.

"Iko nzito, mama. Inashuka chini, inakaa mu matope. Siwezi kuapa, hatuna mashine ya kupima. Mais hapana kula tena."

Nikambeba binti mgongoni mpaka Beni, kwa mkubwa wa bureau, ile ofisi ya machimbo. Alikuwa ametumwa kutoka mkoa mwingine, na wakati ule wa vita bureau yake ilikuwa sebule ya nyumba yake. Alinisikiliza huku akitazama saa. Kisha akanionyesha kwa kidole glasi iliyokuwa mezani.

"Maji ya muto wenu ni hii. Tulituma mutu akachota. Ona vile inang'aa! Rapport iko tayari: maji iko safi."

Bila shaka iling'aa! Ilikuwa imekaa pale mezani, uchafu wote umetua chini. Nilikuwa natafuta neno la kumjibu lisilo tusi, ndipo mke wake akaingia, tumbo mbele, bakuli mkononi, akitafuna. Niliangalia kile kipande alichoshika. Alama ya dole gumba la mama mkwe ilikuwa pale pale.

Nilimpokonya.

"Tema, mama! Tema!"

"Weye mama, uko na kichwa mubaya?" bwana alifoka.

Nilimfungua binti mgongoni, nikamlaza mezani, juu ya ile karatasi ya rapport yake. Shingo ikaanguka upande. "Mimi nilikula hii hii," nikamwambia. "Inatoka mu muto wenu wenye maji safi."

Bwana yule alisimama. Alichukua bakuli, akaenda mwenyewe kulimwaga chooni, akarudi mbio na birika, akamshika mke wake kichwa na kumsukutua kinywa kama mtoto. Nikasema moyoni, Mungu ni mkubwa, ameelewa.

"Donc papa, rapport utaichana?" nikamwuliza.

Alimwinua binti yangu taratibu, akanirudishia. Akaipangusa ile karatasi kwa kiganja.

"Mama, hii iko maneno ya bakubwa ba askari. Balishaipitisha."

Akalowesha muhuri kwenye wino, akaupiga. Mke wake alikuwa bado mlangoni, anatema.