Kovu la Sururu

Makumbushoni walimwita Mama Lenzi, maana kioo cha kukuzia hakikumtoka shingoni. Kazi yake ilikuwa kuchora tarakimu za kale, zile zilizokandamizwa kwa ncha ya tete kwenye vibao vya udongo: kishimo cha duara, kabari, kabari iliyolala. Kibao kimoja, kadi moja. Kila Januari alitia saini mkataba mwingine wa kibarua, na kila Januari mkuu wa idara alimwambia subira huvuta heri.

Mwaka wake wa pili alikosea. Alichora kabari yenye mkia, ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na mkuu akaishangilia kama mjukuu wa kwanza. Miezi miwili baadaye, akikipiga brashi kibao kile, Mama Lenzi aliona udongo ndani ya mkia ni mweupe, umekwaruzwa juzi juzi. Haikuwa tarakimu hata kidogo. Lilikuwa kovu la sururu ya mchimbaji. Akakimbia kusema.

"Kitabu cha tarakimu kimeshakwenda kupigwa chapa, mama," mkuu alimjibu. "Yaliyopita si ndwele."

Angekosa vipi kusema hivyo? Jina kwenye jalada lilikuwa lake.

Miaka ikaenda, wakaja watu wa kompyuta. Walitaka kila tarakimu ya kale ipewe namba yake, mashine zote duniani ziitambue. Wakabeba kadi zake kwa maboksi. Mama Lenzi aliandika barua tatu kuomba ile moja iachwe. Barua zilipitia kwa mkuu, na kwa mkuu zikaishia. Aibu ilimla kuliko njaa.

Mwaka wa thelathini na mmoja akaletewa karatasi ya mistari miwili: mkataba hautaongezwa. Siku hiyo hiyo fundi aliyekuwa akifunga kompyuta mpya alimfungulia orodha ya tarakimu zilizopewa namba kwenye skrini. Kabari yenye mkia ilikuwepo, imekaa kitako katikati ya wenzake.

"Ifute, mwanangu, nakusihi. Huo ni uongo, na niliuchora mimi."

"Haifutiki, mama. Namba ikishatolewa haiondolewi, hata ikijulikana ni makosa. Ni ya kudumu."

Mama Lenzi aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye mkoba. Alicheka, na kicheko hakikufika machoni.

"Miaka yote hii mimi kibarua," alisema. "Kumbe kosa langu ndilo lililopata ajira."