Walituombea Safari Njema

Hapana, hiyo si sababu. Kaka yangu anasema Mungu yuko kila mahali, hata hapa kwenye chumba chetu cha kupanga Nalufenya, kwa hiyo kwenda kanisani ni kumaliza soli za viatu bure. Sawa, Mungu yuko. Lakini mama amelala pale, miguu imevimba, na mbali na Mungu nani mwingine anajua? Mimi, kaka na ukuta.

"Si kuna redio?" kaka akasema leo mchana. "Washa redio uombe."

Nikamwambia hiyo redio yako naijua. Jumapili ya kwanza tuliimba nayo mpaka mwisho. Ya pili ulilala kabla ya mahubiri. Ya tatu ulitoka kuosha pikipiki, mhubiri akabaki anawahubiria masufuria. Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Jumapili hizo zote na mimi nilikuwa hapa hapa.

Baba ni askari wa magereza. Mwaka huu alipata uhamisho wa Mbale. Nyumba ya huko haikuwa tayari, akatangulia peke yake na lori la vitu. Sisi tukatoka kota za magereza hapa Jinja, tukapanga huku. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nusu saa tu!

Ndani ya kota kuna kanisa la Kiswahili, maana askari wametoka makabila mengi na Kiswahili kila mtu anakiokota kidogo. Mama ni mtu wa kaskazini, Kisoga cha hapa mpaka leo hakimwingii. Watu wake wa kuomba nao walikuwa pale. Na kuna desturi: ukikosa Jumapili mbili, kina mama wanakufuata nyumbani. Wanakuja na sukari na sabuni, wanakaa kwenye mkeka, wanaimba, hawakuulizi maswali mengi. Mama alikuwa hakosi hata safari moja. Mvua ikinyesha anavaa buti za baba na anakwenda.

Jumamosi ile tuliyohama aliniambia, "Kesho nenda kanisani, waambie tuko Nalufenya tu." Nikasema ndiyo. Kesho yake mwili ulikuwa unauma kwa kubeba vitu, nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo presha ya mama ikapanda, nikasema siwezi kumwacha. Kaka alikuwepo, angeweza kukaa naye saa mbili. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kupenda kulala Jumapili.

Mama akangoja. Jumapili ya tatu akanituma nitandike mkeka, nichemshe chai, nijaze chupa. "Leo watakuja." Akavaa kitenge, akafunga kitambaa kichwani, akakaa kitandani anaangalia mlango. Saa kumi na moja jioni chai tukainywa wenyewe. Jumapili ya nne vilevile. Ya tano hakutaja chai.

Nikaanza kuwatukana wale kina mama kwa sauti. Wanafiki! Wanakupenda ukiwa ndani ya kota tu! Aliyeuliza habari ya mama ni mtu mmoja tu, mzee Mwislamu mwenye duka hapo mbele.

"Mama yako simuoni kupita," aliniambia. "Sisi msikitini mtu akikosa Ijumaa moja tunapiga simu. Watu wenu nyinyi wako wapi, binti?"

Nikachukua sabuni yangu nikaondoka.

Jana sokoni nilikuwa nanunua mukene, wale dagaa wa Masese, mtu akanipiga begani. Ni kiongozi wa kina mama, yeye mwenyewe.

"Eh, mutoto ya Afande! Umekuja kutembea Jinja? Mama iko namna gani huko Mbale?"

Nikasimama na dagaa mkononi.

"Siku ile tuliona lori na macho yetu," akaendelea. "Jumapili tukasema, hawa wamekwenda. Kanisa muzima tulisimama kuwaombea safari njema. Tuliimba, wacha! Mama yako angesikia angelia."

Hapo nikaelewa. Kwenye kota hakuna anayeshangaa familia ikipotea. Karatasi ya uhamisho inakuja, lori linakuja, wiki mbili baadaye benchi lina watu wengine. Hawakumsahau mama. Walimuaga vizuri kabisa. Kama mmoja wetu angeonekana pale hata mara moja, hata amechelewa, hata anasinzia, wangejua.

Na mimi nikasema nini? Nilisema, "Hajambo, mama. Anawasalimu."

Nilidanganya kwa aibu. Akanikumbatia akaenda zake.

Nyumbani nilimwambia mama yote, isipokuwa huo uongo wangu. Nilifikiri atafurahi kujua hawakumchukia.

"Waliniimbia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi. Mtu akishasindikizwa, anarudi kufanya nini?"

Akageukia ukuta. Tangu jana hajaomba, hata kwa chakula, yeye ambaye alikuwa anaombea mpaka maji ya kunywa. Dawa ya presha iko pale pale kwenye kisahani. Baba alipiga simu kusema kanisani Mbale wanamuuliza mama atafika lini. Mama akakataa kushika simu.

Kaka anasema itapita. Mimi sioni ikipita. Pengine hata wakija na sukari yao hatageuka. Pengine nimechelewa, kitu chenyewe kimeshakatika, na hakuna wimbo wa kukiunga. Sijui. Najua tu kwamba nikikaa hapa tena kesho, nitakuwa namuaga mama mara ya pili.

Kwa hiyo kesho, Jumapili, naamka saa kumi na moja alfajiri. Kaka atakaa na mama, apende asipende. Nitafika kota kabla ya ibada, nipige hodi kwa yule kiongozi, nimwambie mama yuko Nalufenya na kwamba nilimdanganya pale sokoni, nikiwa nimesimama nje ya mlango wake. Halafu nitaingia kanisani nikae mpaka mwisho.